Rangi peke yake haitoshi

Nimesoma makala moja, mwandishi anasema ukiona ua la zambarau msituni Usambara basi ndo Saintpaulia, yaani lile ua la kupanda ndani wanaloliita African violet, hapana jamani, rangi inadanganya sana. Mi nimekulia jirani na msitu wa Amani hukohuko Usambara na kule kuna maua kibao ya zambarau, hata Streptocarpus ambaye ni ndugu yake kabisa watu wanamchanganya kila siku, ila yule ua lake lina mrija mrefu kama tarumbeta na tunda lake limejisokota kama kamba. Saintpaulia mrija ni mfupi mno, ua limekaa bapa, petali mbili za juu ndogo, tatu za chini kubwa, na katikati utaona vifuko viwili vya njano vya chavua, hivyo huvikosi. Jani nalo nene lina vinyweleo ukiligusa. Na usilitafute juani, angalia kwenye miamba yenye unyevu kivulini karibu na vijito. Ila tafadhali piga picha tu using'oe, sehemu zingine yamebaki kwenye mwamba mmoja tu. Hivi wa Tanga, yale ya mawe ya chokaa upande wa Amboni bado yapo?