Samaki anakula ngisi, mimi nakula dagaa

Jamani niacheni niongee maana nikinyamaza nitapasuka. Hivi mmeuliza bei ya chambo pale Feri, soko la samaki la Dar, siku hizi? Mtu unaenda kuvua ili upunguze hela ya mboga nyumbani, unafika unakuta ngisi anauzwa kama vile ana digrii. Kamba ndo usiulize kabisa, kamba ana safari ya hotelini, wewe na mshipi wako pisha njia. Kwa hiyo hesabu inakuwa hivi, samaki nampelekea ngisi, mimi narudi home nakula dagaa, na siku asipokula maana yake nimemwaga ngisi baharini bure.

Na usijichanganye ukamwambia muuzaji unataka chambo. Ukitamka tu chambo anakuchagulia wale waliochoka, tumbo limepasuka, macho yameingia ndani, halafu bei ileile! Ukilalamika anakwambia "kwani unakula wewe braza, si anakula samaki." Sasa kitu kimelainika hivyo ukirusha tu kinachomoka kwenye ndoana kikiwa bado hewani, kinaenda zake, chubwi la kuzamishia mshipi na ndoana vinazama vyenyewe na wewe umekaa juu ya mwamba unangoja. Kikibahatika kufika chini wale samaki wadogo wanakidokoa dokoa mpaka kinaisha, hujasikia hata mtikisiko.

Ndo nikasema basi, chambo natengeneza mwenyewe. Navizia siku vibua vimeingia vingi, mnada umepoa, wauzaji wanataka kwenda kulala, nachukua fungu la wazima wazima. Nyumbani natoa minofu ikiwa na ngozi yake, ngozi usiguse maana ndo inayoshika ndoana, nakata vipande virefu upana wa kidole, napanga kwenye ndoo ya mfuniko, samaki, chumvi ya mawe, samaki, chumvi ya mawe, mpaka juu. Chumvi inavuta maji, kesho yake unamkuta kibua anaelea kwenye maji yake mwenyewe, unamwaga, unaongeza chumvi nyingine. Nyama inakaza hiyo! Ukimtundika hatoki mpaka samaki changu aje amtoe mwenyewe. Ngisi yeye chumvi kidogo tu, kwa asili ni mgumu, ila ukimtoa wino fulana nyeupe weka mbali, mimi ninayo moja sasa hivi ya kufagilia tu.

Kitu kingine maji ya bomba sitaki, nasuuza kwa maji ya chumvi. Sasa mimi nakaa Mbagala, kwa hiyo nikitoka pwani napanda daladala na dumu la maji ya bahari. Watu wote kimya. Konda kaninong'oneza "mzee, mganga ndo kakutuma?" nikamwambia ya samaki, akacheka, abiria wa pembeni akatafuta kiti cha nyuma, kilipokosekana akasimama kabisa. Na nauli ya dumu nililipishwa vilevile, uchawi wangu haukunisaidia kitu.

Vita kubwa ipo kwenye friji. Friji hiyo hela nilitoa mimi, ila ni ya mama Zuu, anagandishia barafu za ubuyu anauzia watoto wa shule. Wateja wameanza maneno, eti barafu ina harufu ya Feri. Nikamweleza vizuri tu mwenzangu, unajua chambo chenye chumvi hakigandi kikawa jiwe, ukikitoa unatumia hapohapo, kile kisicho na chumvi ndo kikiyeyuka kinamomonyoka chote. Akanijibu hajauliza. Juzi umeme ukakatika usiku kucha, asubuhi barafu zote juisi, chambo changu kipo vilevile hakijatetereka. Mtu unategemea hata pongezi, nikaambiwa nimefurahia hasara yake.

Sasa sikilizeni hili. Mama mkwe wangu kaja kutoka Kilwa. Mimi nipo kwenye mishe zangu, yeye kafungua friji anatafuta kitoweo, kakuta ndoo. Mtu wa Kilwa akiona samaki ana chumvi unadhani atawaza ndoana? Kaloweka, kasuuza, kamwagia tui la nazi zito na bilinganya, narudi jioni nyumba nzima inanukia. "Baba Zuu, hii ng'onda umeipata wapi baba, chumvi imekolea vizuri, ya kwetu kabisa hii." Mama Zuu ananiangalia jicho la kwamba uthubutu kusema. Nikasema ahsante mama. Nikala chambo changu na wali, mtamu kweli, hapo sibishi, na moyoni najua maji yanajaa alfajiri na mimi sina hata kipande.

Kesho yake naambiwa mkwe anaondoka Ijumaa na anaomba ndoo moja akawaonjeshe nyumbani, na kama kuna na ngisi asante. Leo narudi na vibua nimenuna, nafungua friji, barafu zote za ubuyu zimetolewa, limefutwa linang'aa, tupu. Mama Zuu anasema "weka tu baba Zuu, nafasi ipo." Nafasi ipo! Miezi yote hiyo nabanwa kwenye kile kidroo cha chini cha nyanya!