Wagonjwa wa kansa ya utumbo mpana wamejaa Dar, je ndo ugonjwa wa Dar?

Baba yangu mdogo alitokwa damu kwenye choo mwaka na nusu akiwa kijijini kwake Rukwa. Zahanati walimpa dawa za amiba, baadae za kichocho, halafu akaambiwa ni bawasiri akawa anakalia beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, na kwa kuwa ni mtu mzima na sehemu zenyewe ni za aibu hakuna aliyemuuliza zaidi. Alipokonda sana tukamleta Dar, akapigwa kamera ya kuangalia ndani ya utumbo, akachukuliwa kinyama cha kupima, majibu yakaja kansa ya puru, yani sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana. Siku ya kulazwa karani akauliza mzee anaishi wapi, mwanae akajibu Mbagala, maana ndo alikofikia na simu ya kupigiwa ni ya huko. Kwahiyo kwenye kitabu cha wodi mtu aliyemaliza miaka sitini na kitu Rukwa ni mgonjwa wa Temeke, mkoa wa Dar es Salaam.

Hilo linanirudia kila nikisikia hoja ambayo siku hizi imeshika kweli, kwamba kansa hii ni ya Dar na Arusha na Moshi, ya chipsi na nyama choma na kazi za kukaa, na ushahidi ni wodi zenyewe, we angalia waliolazwa wanatoka wapi.

Sasa hoja hii tusiifukuze haraka, ina miguu. Kwanza ugonjwa huu duniani haujasambaa sawasawa, mwaka 2022 walikadiriwa wagonjwa wapya kama milioni 1.9 na vifo kama 900,000, na viwango vya juu viko Ulaya, Australia na New Zealand, Afrika ndo tuko chini kabisa pamoja na Asia ya kusini. Pili kuna Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Kiairishi aliyeingia Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala, huyu baadae alikuwa anakusanya taarifa za kila mwezi kutoka hospitali za misheni Afrika nzima, akaona kansa ya utumbo mpana huku ni adimu sana, na mwaka 1971 akaandika kwamba siri iko kwenye chakula chetu chenye makapi mengi, ugali wa dona, maharage, mboga, matunda, choo kinapita upesi na kwa wingi. Tatu Wajapani waliohamia Hawaii, kwao ugonjwa ulikuwa mdogo, walipokaa kule wakaanza kuumwa kama wenyeji, damu ni ileile ila sahani imebadilika. Na mwaka 2015 watafiti walibadilishana vyakula kwa wiki 2 tu, Wamarekani weusi 20 wakala chakula cha kijijini Afrika Kusini na wanakijiji 20 wakala cha Kimarekani, na dalili za hatari ndani ya utumbo zikageuka pande zote mbili kwa muda huo mfupi. Mwaka huohuo shirika la utafiti wa kansa la WHO likaweka nyama za kusindikwa, soseji na wenzake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa bila ubishi.

Kwahiyo anayesema maisha ya mjini yanaongeza ugonjwa huu hajakosea, mimi mwenyewe naamini hivyo na soseji nyumbani kwangu nimepunguza.

Tatizo ni pale anapochukua kitabu cha wodi kama ramani ya ugonjwa. Ili mtu aingie kwenye kile kitabu lazima kwanza apigwe kamera, kinyama kichukuliwe, awepo mtu wa patholojia, yani mtaalamu wa kupima vinyama, wa kukisoma, apate rufaa, nauli, na ndugu wa kumpokea, na kila ngazi hapo inadondosha watu, na inawadondosha zaidi walio mbali. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi nchi hii ilikuwa Ocean Road peke yake, hospitali ya kansa hapa Dar, mpaka hospitali ya Bugando pale Mwanza nayo ikaanza, sasa mtu wa Ukerewe au Geita ambaye zamani angebaki nyumbani anaonekana, na kwenye takwimu itasomeka kansa imeongezeka Kanda ya Ziwa. Imeongezeka kweli au imeonekana? Huwezi kujua kwa kuhesabu vitanda. Hata Burkitt namheshimu sana ila hospitali zake za misheni zilikuwa zinahesabu waliofika tu, na kijijini wangapi walikufa na "tumbo" bila kufika popote.

Halafu kuna mambo ya hesabu yenyewe ambayo watu wanayapita. Kulazwa sio sawa na mgonjwa. Mtu mmoja analazwa kwa upasuaji, anarudi utumbo umeziba, anarudi kwa kemo, yani dawa za kansa, mara kadhaa, anarudi tena mfuko wa choo aliowekewa tumboni umeleta shida, anaeishi karibu anarudi kila mara na wa mbali akishafanyiwa upasuaji mara nyingi ndo basi, usipohesabu watu kwa namba zao za hospitali mkoa wa jirani na hospitali utavimba wenyewe. Na umri nao, ugonjwa huu unapanda na umri japo huku kwetu tunaona na vijana wengi, na Kilimanjaro ina wazee wengi kwa sehemu ya watu wake kuliko mikoa mingi, kwahiyo KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, wakiwa na wagonjwa wengi sio lazima iwe mbege na nyama, inaweza kuwa ni uzee tu. Kwa sensa ya 2022 Dar ilikuwa na watu 5,383,728 kati ya 61,741,120, yani kama 9 katika kila 100, mkoa huu ukitoa nusu ya waliolazwa ndo uanze kuuliza, na swali la kwanza liwe Mbagala ya nani.

Upande wa Kanda ya Ziwa kuna kitu kinaniuma zaidi. Kichocho cha tumbo kimejaa ukanda ule na kinatoa damu kwenye choo kweli, kwahiyo mganga anayeanza na dawa ya kichocho hajafanya ujinga, kosa ni kurudia mara ya pili na ya tatu bila kuangalia. Ndo maana pia kipimo cha damu kwenye choo wanachotumia Ulaya kuwachuja watu wazima kabla hawajaona dalili, huku kitawakamata wengi wenye kichocho na minyoo, na wote hao watahitaji kamera ambazo hazitoshi. Wanaotaka tuige Ulaya kesho asubuhi nadhani hawajapiga hii hesabu.

Kuna wanaosema basi bora huduma zibaki pamoja kwenye hospitali chache kubwa kwasababu upasuaji wa puru ni mgumu na daktari anayeufanya mara nyingi anaufanya vizuri. Nakubali kabisa kwa upasuaji na mionzi. Ila kugundua ni kazi nyingine. Uvimbe wa puru ulio chini daktari anaweza kuugusa kwa kidole chenye glavu, glavu tu, na baba mdogo mwaka na nusu hakuna aliyefanya hivyo, na yeye asingependa lakini angekubali kama angeelezwa. Kamera hospitali za mikoa, vinyama visafirishwe kama sampuli za TB zinavyosafirishwa, na karani aongeze swali moja, kabla ya kuumwa ulikuwa unaishi wapi.

Hayo yakifanyika, miaka michache ya mwanzo Rukwa, Kigoma na Katavi zitaonekana zimelipuka kansa, watu wataanza kutafuta mchawi kwenye mbolea, maji, sijui mafuta ya kula, na wapo watakaosema mnaona, mikoani nako wameanza kula kama Dar. Wanaotunza takwimu waandike mapema, pembeni ya kila mkoa, kamera ilianza kutumika mwezi gani mwaka gani.