Sabufa ya Breki

Gari langu ni Carina Ti la klachi, na breki yake ya mkono ni pambo. Unaivuta inakuja mpaka karibu na kidevu, gari linaendelea na safari zake. Kibaya zaidi naishi Arusha upande wa kupandia Ilboru, ambako hata sahani ya supu ukiiweka chini lazima uishikilie. Kwa hiyo natembea na jiwe. Nikisimama, abiria wa mbele anajua zamu yake: anashuka, anaweka jiwe nyuma ya tairi, ananipa ishara, ndipo na mimi natoa mguu kwenye breki.

Wiki ile tulikuwa na kipaimara cha mtoto wa kaka, Machame. Nikaapa safari hii siendi na redio inayokoroma. Nilikuwa nimenunua sabufa mbili za mtumba, yaani spika za besi, inchi 12 kila moja, ukinzani wa ohmu nne kila moja, na amplifaya ya chaneli moja inayovumilia mpaka ohmu mbili. Spika mbili za ohmu nne ukizifunga sambamba unapata mbili, kwa hiyo kwenye karatasi mambo yalikuwa yamenyooka. Boksi nilichongewa Unga Limited kwa ubao wa MDF wa milimita 18. Fundi selemala alilikagua kushoto kulia, akaniuliza milango inakaa upande gani na rafu za viatu niweke ngapi. Nikamwambia halina milango. Akanionea huruma, akanipunguzia bei.

Ijumaa jioni nikaanza kufunga nyaya. Naomba nieleze niliyofanya sawasawa, maana ni machache na yanastahili heshima yake. Ule waya mnene mwekundu niliutoa kwenye betri nikaweka fyuzi palepale karibu na betri, siyo kule kwenye buti. Ukiweka fyuzi nyuma, waya ukachubuka njiani na kugusa bati, hakuna kitakachozuia gari kuwaka moto. Waya wa athi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, nikaufunga mfupi, baada ya kukwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Fundi yeyote angenipa mkono.

Nikafika kwenye waya wa kuamshia amplifaya, ule unaoingia kwenye tundu lililoandikwa REM. Ni waya mwembamba tu, kazi yake kuiambia amplifaya "amka, bosi kawasha redio." Redio za kisasa zina waya wake kabisa, wa bluu wenye mstari mweupe. Redio yangu ilikuja na gari kutoka Japani, FM yake inaishia 90, na kila nikiwasha gari kuna mwanamke ananiambia jambo kwa Kijapani ambalo hadi leo sijalitekeleza. Waya wa bluu haina. Sauti niliichukua kwenye spika za nyuma kwa kutumia konveta, kidude kinachoipunguza iweze kuingia kwenye amplifaya, ila hiyo REM ilitaka volti 12 kutoka mahali fulani. Mtu mwenye akili angeenda kuzichukua mbele kwenye boksi la fyuzi, upande unaowaka na swichi ya gari. Mimi waya ulikuwa umeniishia na duka limeshafungwa. Na palepale kwenye buti, mbele ya pua yangu, zilikuwa zinaning'inia nyaya za taa za nyuma.

Nikachukua testa. Mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa amekaa kwenye usukani amekanyaga breki, kwa sababu jiwe letu jirani aliliazima kupondea karanga na hakuwa amelirudisha. Nikagusa waya wa kwanza, hauna kitu. Wa pili, hauna kitu. Wa tatu, taa ya testa ikawaka imetulia kabisa. Nikaukata, nikasokota, nikafunga tepu nyeusi. Najua unacheka. Mimi wakati ule nilikuwa napiga mluzi.

Tukawasha. Amplifaya ikawaka kitaa cha kijani, besi ikatoka kama mtu mwenye aibu anayebisha hodi kwa kiwiko. Spika mbili za inchi 12! Nikaongeza sauti, hamna. Babu jirani, fundi redio mstaafu, akaja na kikombe chake cha chai, akasikiliza, akachomoa waya wa spika moja. Besi ikaongezeka. Akaurudisha, besi ikapungua. Mbili zinatoa kidogo kuliko moja. Nikaanza kufikiria nani ananichukia pale mtaani.

"Nipe betri ya rimoti," akasema.

Akatenga spika zote mbili na amplifaya, akagusisha ile betri ya volti moja na nusu kwenye nyaya za spika ya kwanza, chanya kwa chanya. Ngozi ya spika ikainuka kidogo kuja kwetu, kama kifua cha mtoto anayevuta pumzi. Akagusa ya pili vilevile. Ikazama ndani.

"Unaona? Huyu anasukuma hewa, mwenzake anaivuta. Humo ndani wanagombana tu, wewe nje usikie nini?"

Nyaya za ile ya pili nilikuwa nimezigeuza. Tukazibadilisha, na safari hii mabati ya nyumba tatu yakaitikia. Kuku wakahama. Nikazungusha kile kidude cha nguvu cha amplifaya mpaka mwisho wake, nikakiacha huko. Babu akainama tena kwenye buti.

"Na huu wa REM umeutoa wapi?"

"Kwenye taa, babu."

"Taa ipi?"

"Taa."

Akanitazama, akafungua mdomo, bibi akamwita chakula kimepoa. Mpaka leo naamini ugali ule ndio ulionigharimu.

Tulipiga muziki saa nzima, mpwa analalamika mguu umekufa ganzi. Jiwe liliporudishwa nikaliweka, akatoa mguu, mdundo ukakata. Nikajua kazima.

Asubuhi shangazi akaja kutoka Njiro na kapu lake, akakaa nyuma, mgongo wake sentimita chache kutoka kwenye boksi. Akaomba kwaya, tena kwa sauti ya chini. Tukashuka barabara kubwa, tukapita Sanawari, gari linateleza. Besi hakuna. Kwaya inaimba bila miguu. Nakunja uso kimoyomoyo, mpaka tulipofika kwenye tuta la kwanza. Nikakanyaga breki. Sekunde moja ikapita.

DUUU.

"Yeleuwi! Tumegonga nini?" shangazi akapiga kelele, miwani imemshuka puani.

Tukavuka tuta, kimya. Tuta la pili, DUUU, DUUU, kimya. Nikatabasamu kifundi. Nikamweleza mpwa: kuna waya umelegea, gari likitikisika unagusa, likitulia unaachia. Dawa yake ni kuvuka matuta taratibu ili usitikisike. Basi nikawa kila nikiona tuta naanza kukanyaga breki kutoka mbali, kwa upole wa kubembeleza mgonjwa, na kadiri nilivyobembeleza ndivyo ngoma ilivyozidi kurefuka. Pale Tengeru, soko limejaa, nilisimama kwenye kivuko cha pundamilia nikiwa nimekanyaga breki muda wote watu wanavuka. Kina mama wenye ndizi vichwani wakawa wanapita mbele yangu kwa hatua za mdundo bila kutaka.

"Mjomba," shangazi akasema, "hizo ni breki."

"Siyo breki, shangazi. Ni waya."

"Mimi nakwambia ni breki. Ukikanyaga inalia, ukiacha inanyamaza."

Nikamwambia kwa heshima kwamba haya mambo ya umeme ni mapana.

Barabara ya Arusha kwenda Moshi ni kilomita kama 80, na ukiondoa matuta, vibao vya 50 na trafiki, ya kukimbia ni kidogo. Tulipokaribia Maji ya Chai nikanyooshewa mkono. Nikaegesha pembeni, mahali penye mwinuko, mguu kwenye breki, kioo nikashusha. Kwaya ikamlipukia afande usoni.

"Zima hiyo kwanza."

Nikazima redio. Akazunguka nyuma ya gari.

"Kanyaga breki."

Nikaachia nikakanyaga tena. Amplifaya ikiamka bila muziki huwa inatoa mshindo mmoja mkavu. DU.

"Achia." Nikaachia, gari likaanza kurudi nyuma kumfuata. "Kanyaga! Kanyaga!" DU.

Mpwa akaruka na jiwe lake. Afande alikuwa amesimama mita tatu nyuma, hatazami taa tena, anatazama buti. Akakaribia polepole. Akainamisha sikio.

"Dereva, umembeba nani humu ndani?"

"Sina mtu, afande."

"Mtu anagonga."

Jasho likanitoka. Nikamwambia mpwa ashikilie breki (DU), afande akaruka hatua moja, nikashuka kufungua buti. Akaliona boksi, akaona na tepu yangu nyeusi inakotokea na inakokwenda. Akanyamaza. Kisha akamwambia mpwa, sauti imeanza kulegea:

"Kijana, achia. Kanyaga."

DU. Ngozi za spika zikaruka.

"Achia. Kanyaga."

DU.

Akamwita mwenzake aliyekuwa na lori ng'ambo ya barabara. Mwenzake akaja, na dereva wa lori akaja, na utingo wake. Kila mmoja alitaka aseme yeye "kanyaga." Mpwa alifanya kazi siku hiyo kuliko muhula mzima.

"Yaani wewe," afande akafuta machozi, "spika umezifunga kwenye taa ya breki?"

Kutoka ndani ya gari, bila kugeuza shingo, shangazi akasema: "Nimemwambia tangu Tengeru."

Kumbe nilipokata ule waya, upande unaokwenda kwenye taa ya kulia sikuusokota vizuri, ulichomoka. Taa haiwaki. Faini shilingi 30,000, namba ya malipo ikaja kwenye simu nikiwa nimesimama palepale. Nikarudisha waya wa taa, wa REM nikauchomoa, tukaenda Machame na kwaya isiyo na miguu.

Jumapili baada ya ibada, saa nane, wageni wamekaa, nyama inanukia, umeme ukakata. Mwenye muziki akabaki anatazama maspika yake. Ukoo mzima ukageuka kunitazama mimi, maana shangazi alikuwa ameshasimulia hadithi mara nne, na kila mara trafiki walikuwa wanaongezeka.

"Mjomba, fungulia ile ya breki."

Waya wa ziada sikuwa nao, Jumapili, mlimani. Nikaurudisha REM kulekule. Tairi tukaliwekea tofali, na lile jiwe likapanda cheo, likalazwa juu ya pedeli ya breki. Taa nyekundu zikawaka nyuma mchana kutwa, na Machame ikacheza. Wazee wa mbege waliomba wimbo mmoja mara tano.

Saa kumi na mbili muziki ukaanza kunywea, halafu ukafa. Betri imekwisha. Kuondoka ikawa kusukumwa: vijana nane, mteremko wa Machame, gia namba mbili, nikaachia klachi. Likakohoa, likawaka, vumbi na vigelegele. Nikaenda mpaka chini kwenye kona, nikakanyaga breki kumsubiri shangazi aliyekuwa anashuka na kapu lake la ndizi kichwani.

Sekunde moja ikapita. DUUU.

Shangazi akafungua mlango, akaingiza kapu, akakaa, akajifunga mkanda.

"Twende," akasema. "Breki zipo."