Shetani aliyempitia Leland Palmer

Nianze na onyo: kama hujaitazama Twin Peaks na unapanga kuitazama, funga hapa urudi ukimaliza. Muuaji nitamtaja. Kwa kweli nimeshamtaja, hapo juu kwenye kichwa cha habari, kwa hiyo samahani.

Niliitazama na mdogo wangu, tukiwa tumechelewa miaka thelathini na ushee. Tamthilia hii ya David Lynch na Mark Frost ilianza kurushwa na ABC ya Marekani Aprili 1990, na kwa miezi kadhaa watu wa huko waliulizana swali moja: nani kamuua Laura Palmer? Binti wa shule aliyevishwa taji na wenzake, maiti yake imeokotwa kando ya maji ikiwa imeviringishwa kwenye plastiki, mji mdogo wa misituni jimbo la Washington. Jibu lilikuja Novemba 10 mwaka huohuo. Leland Palmer, baba mzazi wa Laura, wakili wa suti na tai, anasimama mbele ya kioo sebuleni kwake, na kioo hakimrudishii sura yake. Anayechungulia kutoka ndani ni BOB: nywele ndefu za mvi, jaketi la jinzi, meno yote nje. Halafu Leland anamgeukia Maddy, binamu yake Laura, na tunalazimika kutazama msichana akipigwa mpaka kufa na mtu mmoja mwenye nyuso mbili zinazopokezana.

Mdogo wangu wala hakubonyeza kitufe cha kusimamisha. Alisema tu, "Subiri, kaka. Utamsikia sasa hivi akisema shetani alimpitia."

Na kweli, sehemu mbili mbele, akasema.

Sisi maneno hayo tumeyazoea. Mtu amefumaniwa, amekamatwa na mali ya watu, amemvunja mke wake mkono, na utetezi wake ni uleule: ni shetani tu alinipitia. Angalia ujanja wa kitenzi chenyewe. Shetani hakai, anapita, kama basi la mkoani lisilosimama kituoni. Amepita, ameondoka, na aliyebaki pale ni mtu mwema mwenye damu mikononi anayeomba asamehewe. Hata msikilizaji haamini sana, lakini anaitikia kwa kichwa, maana akikataa itabidi aseme lile jingine: kwamba huyu jirani yangu, huyu mjomba wangu, alifanya kwa akili zake timamu.

Mabishano ya watazamaji wa Twin Peaks kuhusu BOB yamedumu tangu wakati huo, na mengi yanazunguka hapohapo. Wapo wanaosema BOB ni pepo halisi aliyemwingia mtu asiye na hatia. Wapo wanaosema BOB hayupo kabisa, ni picha tu ya maovu ya baba ndani ya nyumba. Kila upande una ushahidi, kwa sababu waandishi wenyewe waliuacha mlango wazi. Tena mlango huo ulifunguka kwa bahati. Frank Silva, aliyemcheza BOB, hakuwa mwigizaji. Alikuwa fundi wa kupanga vyombo kwenye seti. Siku anapanga samani chumbani kwa Laura, Lynch akapata wazo la kumpiga picha akiwa amechuchumaa miguuni pa kitanda, bila kujua ataitumiaje. Baadaye, katika tukio la mama yake Laura kushtuka na kupiga mayowe, ikagundulika kwamba Silva ameonekana kwenye kioo kwa makosa. Mwongozaji mwingine angerudia. Lynch akaacha. Jini lililotisha Marekani nzima lilizaliwa kutokana na mtu aliyesahau kutoka kwenye picha.

Ndiyo maana nawashangaa wanaotafuta ufunguo mmoja wa kuufungua mchezo mzima, kama vile kulikuwa na ramani tangu mwanzo. Lakini sitaki kuishia kwenye ule uvivu wa "kila mtu na tafsiri yake". Mimi nina upande.

Tuanze na pepo, kwa sababu mhusika mmoja analieleza jambo kama mganga wa pwani. Yule mwenye mkono mmoja, Phillip Gerard, ambaye ndani yake anazungumza roho iitwayo MIKE, anasema BOB ni kupe: anahitaji mwili wa mtu wa kuishi ndani yake, na chakula chake ni hofu na anasa. Kwetu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo anaketi, ngoma inapigwa, anaulizwa jina lake, anaulizwa anataka nini, na watu wa nyumbani wanajua sasa wanaongea na nani. Wakati huo hakuna anayemlaumu kiti kwa maneno yanayotoka mdomoni. Ukiitazama Twin Peaks kwa macho hayo, Leland ni kiti, basi, kesi imekwisha.

Haijaisha. Leland akiwa mahabusu, BOB anaongea kwa kinywa chake na kumcheka: anasema Leland ni mtoto mchanga porini, mwenye tundu kubwa pale ilipokuwa dhamiri yake. Hapo ndipo nilipokaa wima. Tundu hilo nani alilitoboa? BOB haringi kwamba yeye ndiye. Anazungumza kama mpangaji anayesifia chumba alichokikuta wazi. Na Leland mwenyewe, akiwa anakata roho baada ya kukibamiza kichwa chake kwenye mlango wa chuma, anasimulia kwamba alikuwa mtoto tu, alimwona BOB ndotoni, BOB akasema anataka kucheza, na yeye Leland akamkaribisha. Akiwa ndani sikujua, anasema, akitoka sikukumbuka.

Mahali pengine tumeshaambiwa kwamba utotoni, kwenye nyumba ya babu yake ya mapumziko huko Pearl Lakes, kulikuwa na jirani aliyekuwa akimrushia njiti za kiberiti zinazowaka na kumuuliza kama anataka kucheza na moto. Unganisha na utaona: yawezekana huyu pia aliharibiwa na mtu mzima, na uharibifu ukapita kizazi hadi kizazi. Nakubali. Namhurumia yule mtoto wa Pearl Lakes. Ila huruma yangu kwa mtoto huyo haifiki hadi kwenye gari moshi bovu alikofia Laura.

Sehemu hiyo ya kifo cha Leland, iliyorushwa Desemba 1, 1990, imejaa machozi. Mpelelezi Cooper anampakata muuaji kama mgonjwa, maji ya kuzimia moto yanawanyeshea kutoka darini (yamefunguka kwa sababu ya moshi wa sigara ya mtu mmoja, kichekesho ndani ya msiba), anamwelekeza aingie kwenye nuru, na Leland anaona binti yake akimngojea. Imeigizwa vizuri mno. Ray Wise alinitoa machozi bila ridhaa yangu. Nilipofuta macho nikaona nimeibiwa. Laura hayupo pale kusema kama anampokea.

Baadaye wanasimama msituni, wanaume peke yao, wakijaribu kuelewa. Sherifa Truman anasema inamwia vigumu kuamini. Cooper anamuuliza: je, ni rahisi zaidi kuamini kwamba mtu anaweza kumbaka na kumuua binti yake wa kumzaa? Albert, yule daktari wa maiti mwenye ulimi wa pilipili, anasema labda BOB ni hilo tu, uovu wanaoutenda wanadamu, na labda jina halina maana. Watu wengi wananukuu jibu la Albert. Mimi nadhani moyo wa tamthilia uko kwenye swali la Cooper, tena ni swali linalomsuta mwulizaji. Yaani mnajua kwamba mnachagua pepo kwa sababu linauma kidogo.

Na sasa niseme ninachoamini. BOB ni uso mmoja unaotumiwa na watu wawili kwa kazi mbili. Laura anamwona BOB akiingia dirishani tangu ana miaka kumi na miwili kwa sababu mtoto hawezi kula chakula cha asubuhi meza moja na mtu yule kama atakubali ni nani. Kwake BOB ni pazia la kumwezesha kuishi hadi kesho yake. Leland analivuta pazia lilelile upande wake ili asijione. Kwa hiyo ninapoulizwa kama BOB ni wa kweli, nauliza kwanza ni kwa nani. Wa Laura namwamini kabisa. Wa Leland namtaka kizimbani pamoja na mteja wake.

Naona hata Lynch hakuridhika na ile nuru ya kifo cha Leland, maana mwaka 1992 alitoa filamu ya Fire Walk with Me, ambayo inasimulia siku za mwisho za Laura akiwa hai, akiongea mwenyewe. Humo uso wa BOB unayeyuka usiku kitandani na Laura anauona wa baba yake. Na ndani ya behewa, kabla ya kumuua, Leland anamwambia kwamba siku zote alidhani Laura anajua ni yeye. Sentensi moja tu. Yule aliyeapa hakujua na hakukumbuka, kumbe alikuwa akihesabu kwamba binti anajua na amenyamaza. Mdogo wangu hapo alisimamisha. Alikaa kimya muda, akaenda kuweka maji ya chai, na hatukuimaliza filamu siku hiyo.

Kuhusu msimu wa 2017 sina mengi. Ile sehemu ya nane, bomu la nyuklia la Julai 1945 jangwani New Mexico na BOB akitapikwa hewani ndani ya kidude kama yai, ni kati ya vitu vya ajabu kuliko vyote nilivyowahi kuona kwenye televisheni, na inalitanua swali kwa heshima: uovu una tarehe, una watu walioubonyeza. Lakini kumleta BOB mwishoni akiwa tufe linaloelea, kijana wa Kiingereza mwenye glavu ya kijani akalitwanga ngumi mpaka likapasuka, aah. Kama angeweza kupigwa ngumi akaisha, nyumba ya akina Palmer ingekuwa imepata usingizi zamani.

Jambo ambalo bado linanisumbua mdogo wangu alilisema kwenye chai, na sijawahi kuona likibishaniwa nusu ya BOB anavyobishaniwa. Sarah, mama yake Laura, alimwona BOB mapema kuliko karibu wote, akamweleza polisi sura yake ikachorwa na kubandikwa mji mzima. Mumewe alikuwa akimwekea dawa ya usingizi. Kwenye filamu tunaona glasi ya maziwa ikiletwa juu na yeye akiinywa. Alilala kweli kila usiku?

"Na mama mtu je," mdogo wangu aliniuliza akikoroga sukari, "yeye nani alimpitia?"