Kiangazi kimefika Ohio: watoto waende kwa bibi, au wabaki?

Siku ya mwisho ya shule hapa Columbus, Marekani, watoto hutoka mapema. Mwanangu mkubwa alifika nyumbani saa sita mchana, begi limejaa vikorokoro vya mwaka mzima: kalamu za rangi zilizokatika, soksi moja isiyo na mwenzake, na karatasi ya mwalimu ya kututakia kiangazi chema. Niliisoma nimesimama jikoni, viatu vya kazi tayari miguuni. Mama yao alikuwa amelala chumbani. Anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, na kwa miezi tisa shule ndiyo iliyokuwa ikimpa usingizi. Hicho kiangazi chema ni wiki kumi na moja.

Kila Mei, kwenye arusi au arobaini, mbele ya sahani ya pilau, Watanzania na Wakenya wa huku huulizana jambo moja: watoto mnawapeleka nyumbani, au wanabaki? Majibu huwa makali. Wapo wanaosema mtoto asiyekwenda kwa bibi yake amekwisha potea. Wapo wanaosema kumpeleka mtoto mdogo ni kumtafutia malaria kwa pesa yako mwenyewe. Mimi nimekaa pande zote mbili. Miaka miwili tulibaki nao, mwaka jana tukawapeleka Tanga, na nilichojifunza ni kwamba kitu kinachoharibu au kufanikisha safari hakitajwi na upande wowote. Ni kalenda.

Neno lenyewe linatudanganya. Kiangazi tulichokulia sisi ni jua la Januari na Februari, kaskazi inavuma, vumbi mpaka puani. Juni kwetu ni kipupwe. Kusi imeshika, Tanga usiku watu wanajifunika, na ukipanda Lushoto blanketi moja halikutoshi. Mwaka jana nilifunga mabegi ya watoto kwa akili ya Ohio: kaptula, fulana, malapa. Shangazi yao alipoyafungua alicheka, kesho yake akaenda kuwatafutia masweta ya mitumba.

Masweta yananunulika. Mihula ya shule huwezi kuinunua. Shule za Tanzania hufunga muhula wa kwanza mwanzoni mwa Juni na kufungua mwanzoni mwa Julai. Kenya likizo yao ya katikati ya mwaka iko Agosti, kwa hiyo mtoto anayetua Mombasa mwezi wa sita anawakuta binamu zake wamevaa sare. Wangu walifika Tanga wiki ya kwanza ya Juni, na mwezi ule ulikuwa kila tulichokuwa tumeahidiwa. Asubuhi walikuwa wanatoka na kundi la watoto tisa na hakuna aliyewaona hadi njaa iwarudishe. Waliletewa machungwa ya Muheza, msimu wake ndio huo, na mwanangu mdogo, wa miaka mitatu wakati ule, akagoma kuyala kwa sababu ni ya kijani. Bibi akamenya moja kwa kisu, ganda likashuka utepe mmoja mrefu bila kukatika, akakata kifuniko juu, akampa. Mtoto alilinyonya, akalirudisha likiwa jepesi kama karatasi, akaomba lile ganda. Alilivaa shingoni siku nzima.

Kisha shule zikafunguliwa. Kundi la watoto tisa likabaki wawili, na hao wawili ndio wangu. Kuanzia hapo hadi katikati ya Agosti walikaa sebuleni na bibi wakitazama katuni zilezile wanazozitazama Columbus, tofauti ni kwamba za kule zilikuwa zinakatika umeme ukikatika.

Hapo ndipo hoja ya lugha, ambayo ndiyo kubwa kwa wanaotetea safari, inapohitaji kupimwa. Mwezi ule wa Juni mwanangu mkubwa, mwenye miaka sita, alikuwa anarusha sentensi nzima za Kiswahili, za kugombea mpira na za kusingizia mwenzake, ambazo mimi sijawahi kumfundisha. Ugomvi wa watoto ni mwalimu asiye na mpinzani. Lakini hata Juni kulikuwa na kasoro. Binamu wawili wanasoma shule za mchepuo wa Kiingereza, na shangazi wa wanangu alikuwa akiwasukuma: ongeeni naye Kiingereza, mjifunze, mmeletewa mwalimu mpaka nyumbani. Watoto wetu wanakwenda kutafuta Kiswahili, kumbe wenyeji wanawasubiri kwa Kiingereza. Sina wa kumlaumu. Mzazi wa Tanga anamtakia mwanawe kile alicho nacho mwanangu, na mimi namtakia mwanangu kile alicho nacho wa kwake.

Jambo jingine wanalolijua wataalamu wa lugha, na ambalo kila mzazi wa ughaibuni ameliona kwa macho, ni kwamba mtoto mdogo huokota lugha haraka na kuidondosha haraka vilevile. Mkubwa wangu bado ana nusu ya alivyorudi navyo. Mdogo alirudi anasema "sitaki" na "shikamoo", na kufika Desemba ilibaki "sitaki".

Kuhusu pesa, naomba tuache kudanganyana. Utasikia mtu anasema kupeleka watoto nyumbani ni rahisi kuliko kambi za kiangazi za huku, mahali mtoto analipiwa kushinda akicheza na wenzake. Kambi niliyoulizia inatoza dola 260 kwa wiki kwa mtoto mmoja. Watoto wawili, wiki kumi, ni dola 5,200. Tiketi zetu nne za Juni, kwa maana mama yao aliwapeleka na kukaa nao wiki tatu, na mimi nikaenda kuwachukua, zilitula dola 6,400. Hapo hujaweka mabegi ya zawadi, maana ukishuka mikono mitupu utasemwa hadi mwakani, wala pesa ya matumizi ya kumwachia bibi. Na gharama ya kambi ya mchana unaweza kuitaja kwenye kodi ya mapato ukapata nafuu kidogo. Pesa ya nauli ya ndege hakuna wa kukurudishia. Anayepeleka watoto ajue analipia kitu kingine, si kwamba anabana matumizi.

Malaria ni hoja ya wanaobaki, na ni hoja nzito kuliko jinsi tunavyoichukulia. Marekani hupata wagonjwa wa malaria wapatao 2,000 kwa mwaka, karibu wote wameitoa safarini, na kundi kubwa kati yao ni watu kama sisi waliokwenda kusalimia ndugu. Watalii wa Serengeti wanakunywa vidonge vyao. Sisi tunasema tumekulia kule. Kinga tuliyokulia nayo hupungua ukishakaa mbali miaka, na mtoto aliyezaliwa Ohio hajawahi kuwa nayo hata kidogo. Daktari aliwaandikia wangu vidonge vya kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi siku 7 baada ya kurudi. Nilimweleza bibi, nikaandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye friji. Nilipokwenda kuwachukua Agosti nilihesabu vilivyobaki: vilizidi kumi na tisa.

Sikuweza kufoka, ni mama yangu. Nikamuuliza kwa adabu. Akanitazama kama anamtazama mtoto wa chekechea. "Mwanangu, mtoto haumwi, namnywesha dawa ya nini?"

Hakuna aliyeugua malaria. Mdogo alipata homa mara moja, shangazi akamkimbiza zahanati, akatobolewa kidole, kipimo kikasema hana. Lakini bahati haipangiwi safari. Na mama yangu ana miaka sitini na nane na magoti yanamsumbua. Tunaposema "nimewapeleka kwa bibi", mara nyingi anayewaogesha, kuwafulia na kuamka nao usiku ni dada yetu ambaye hatukumuuliza. Hili kwenye pilau halisemwi kabisa.

Wanaobaki nao wana hoja zao za shule. Nyingi zinatokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliofuatilia watoto wa Baltimore tangu 1982. Mwaka 2007 Karl Alexander na wenzake waliandika kwamba sehemu kubwa ya pengo la masomo kati ya watoto wa maskini na wa wenye nacho hujengeka wakati wa likizo za kiangazi. Hiyo imekuwa kama msahafu kwa walimu. Lakini mwaka 2019 Paul von Hippel wa Chuo Kikuu cha Texas alilipitia suala hili upya na kuonyesha kwamba pengo lile lilitokana kwa kiasi kikubwa na jinsi mitihani ya zamani ilivyotungwa. Kwenye mitihani mipya halionekani vilevile. Mzazi wa mtoto wa darasa la kwanza anayekosa usingizi kwa ajili ya hesabu za Juni, mimi namshauri alale.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya maji. Nchi hii, kwa watoto wa mwaka 1 hadi 4, kuzama ndiko kunakoongoza kwa vifo kuliko ugonjwa wowote. Mabwawa hufunguliwa mwishoni mwa Mei, kila jengo la fleti lina lake, na watoto wetu wengi hawajui kuogelea kwa sababu sisi wenyewe hatujui. Mafunzo ya kuogelea hufanyika kipindi hikihiki ambacho sisi tunakuwa angani. Mwaka jana wangu walirudi wakati wa kujiandikisha umepita.

Halafu wapo majirani ambao mjadala huu hauwahusu, na tunapoupigia kelele mbele yao tunawakosea. Columbus ina Wakongo wengi wanaosema Kiswahili, na ghorofa ya chini yetu kuna mama mmoja aliyekuja hapa kutoka Nyarugusu, kule Kigoma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996. Mke wangu, kwa kuzoea maneno yetu, alimuuliza: "Mama Furaha, mwaka huu mtoto unampeleka kambini?" Yule mama akashtuka. "Kambi? Mimi nilitoka kambi." Ikabidi kueleza kambi ya kucheza mpira na kupaka rangi. Kwake "nyumbani" pa kupeleka mtoto hapapo kwenye tiketi yoyote. Furaha hushinda uwanjani, na mchana wanakwenda kwenye chakula cha bure cha watoto, ambacho kiangazi hugawiwa kwa yeyote mwenye miaka 18 kushuka chini, bila kuulizwa karatasi. Kiswahili chake ni safi kuliko cha wanangu. Hajapanda ndege tangu alipoletwa. Nyumbani kwao kinasemwa Kiswahili, basi.

Baada ya yote hayo, msimamo wangu ni huu. Mtoto wa chini ya miaka sita sitampeleka tena bila mzazi kukaa naye muda wote. Anachokipata kule hakikai, na hatari anazobeba ni zilezile za mkubwa wake au zaidi. Wa miaka sita hadi kumi aende, lakini aende Juni, kwa mwezi ule mmoja wenye watoto wenzake, arudi shule za kule zikifunguliwa. Familia za Kenya zisogeze hadi Agosti, ingawa shule za hapa hufungua katikati ya mwezi huohuo na siku zitakazopatikana ni chache. Wiki kumi ni kwa ajili ya usingizi wa wazazi, tukubali hivyo, na usingizi ni sababu halali. Ila tusimbebeshe mtoto mzigo wa kuitwa mwokozi wa lugha ya ukoo.

Mke wangu hakubaliani nami kwenye hili la miaka sita. Anasema mdogo hakwenda kujifunza maneno, alikwenda kubebwa na bibi yake, na magoti yale hayatabeba mtoto miaka mingi zaidi. Sijapata jibu.

Mwaka huu tumebaki. Jua halizami hadi saa tatu usiku, na kumlaza mtoto kweupe kwa kumwambia "usiku umeingia" ni kazi inayohitaji wakili. Asubuhi nakaa nao mimi, kimya, ili mama yao alale, hadi nitakapoondoka kwenda ghalani saa nane. Lakini tumegundua kitu ambacho shule ilikuwa inatunyima. Kipindi cha shule watoto wakirudi mchana, Tanga ni karibu na usiku wa manane. Sasa saa sita yetu ya mchana ni saa moja ya usiku kwa bibi: ameshaswali magharibi, ameketi barazani, hana haraka. Tunampigia kila siku, simu nikiiegemeza kwenye chupa ya juisi, watoto wanakula makaroni na yeye anawasimulia sungura alivyomtapeli fisi. Umeme ukikatika kule tunabaki na sauti tu na kitaa cha simu ya shangazi kinachomulika kidevu cha bibi.

Juzi mdogo aliacha kula, akatazama dirishani kwetu palivyokuwa panawaka jua, akarudi kwenye kioo cha simu.

"Baba, kwani kwa bibi jua huwa halitoki?"