Wanandoa wanaosafiri kukarabati nyumba za misheni: tuwapokee vipi?

Hospitali ya misheni niliyokulia jirani nayo ilikuwa na vibao vitatu vya shaba ukutani. Kila kibao kilitaja wafadhili waliojenga wodi na mwaka ilipofunguliwa. Hakuna kibao kilichomtaja mtu aliyelipia kuzibua mifereji ya bati, kubadilisha vali ya tangi au kupaka rangi madirisha ya chuma kabla kutu haijayala. Kila masika mfereji ulioziba kwa majani ya mgrevilea ulifurika, maji yakateremka ukutani, lipu ikavimba na kudondoka. Wodi iliyofunguliwa kwa nyimbo na baraka za askofu ikaanza kunuka ukungu.

Naanza na bati kwa makusudi. Mjadala juu ya wanandoa wanaosafiri kujitolea kwenye ukarabati wa makanisa, shule na hospitali za Kikristo kwa kawaida huanza na wageni wenyewe: wana moyo gani, wanatafuta nini, wanatuonaje. Mimi nadhani swali la kwanza ni nani anautunza mfereji ule. Wafadhili wanapenda kujenga, waumini wanapenda kuchangia harambee ya jengo jipya, na bajeti ya ukarabati hubaki mstari mmoja unaokatwa kila mwaka. Ni jambo la kale. Katika 2 Wafalme sura ya 12, mfalme Yoashi aliagiza makuhani watengeneze mabomoko ya nyumba ya Bwana, na mpaka mwaka wa 23 wa kutawala kwake walikuwa hawajagusa kitu. Ikabidi kuhani Yehoyada atoboe tundu kwenye kifuniko cha sanduku, aliweke kando ya madhabahu, watu watie fedha humo kwa kazi hiyo tu.

Kule Marekani pengo hili wamelijaza kwa namna yao. Wapo wanandoa wengi, hasa wastaafu, wanaoishi sehemu kubwa ya mwaka ndani ya gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo chake. Majira ya baridi wanashuka kusini, Texas, Florida au Arizona, na njiani wanasimama kwenye makambi ya vijana, nyumba za watoto na vyuo vya kanisa kufanya kazi. Kikundi cha Wamethodisti kiitwacho NOMADS kilianza mwaka 1988. Utaratibu wake wa kawaida ni kituo kimoja wiki tatu, siku nne kwa wiki, saa sita kwa siku. Wenyeji wanatoa mahali pa kuegesha, maji na umeme. Chakula na mafuta ya gari ni juu ya wanandoa wenyewe. Wengine wanafunga bodi za dari, wengine wanapaka rangi, wengine wanashona mapazia au kupanga maktaba.

Kwa mazingira yale mpango huu unaingia akilini. Gari-nyumba kubwa linakwenda kama kilomita 3 au 4 tu kwa lita, kwa hiyo safari si bure hata kidogo. Lakini mzee amebeba vifaa vyake alivyovizoea miaka 40, anaifahamu sheria ya umeme ya nchi yake, misumari na mabomba ni yale yale aliyokuwa akiyafunga nyumbani, na kitu kikiharibika mwezi ujao anaweza kupigiwa simu na kueleza kosa liko wapi.

Na kuwa wawili kuna faida ambayo wachambuzi wengi wanaipita haraka. Mtu mmoja akija kujitolea, jioni anakuwa mgeni wa kutunzwa: apewe nani wa kuzungumza naye, ale wapi, akiugua nani ampeleke. Mume na mke wanakuja na nyumba yao hata kama ni ya chumba kimoja. Wenyeji nao wanawapokea kwa urahisi zaidi, maana baba na mama waliokaa kwenye ndoa miaka mingi wanaeleweka kokote, wanaalikwa chai, wanaulizwa habari za wajukuu. Wakristo wana mfano wao wa zamani, Akila na Prisila, washona hema walioishi Korintho baada ya kufukuzwa Rumi, kisha wakasafiri na Paulo mpaka Efeso. Tusisahau kwamba wale waliishi kwa ufundi wao na walikaa mahali muda wa kutosha kufungua nyumba yao kwa kanisa.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Millard na Linda Fuller. Millard alitajirika akiwa kijana huko Alabama, na mwaka 1965 ndoa yao ikakaribia kuvunjika kwa sababu ya kazi isiyokwisha. Walipopatana waliamua kugawa mali yao. Mwaka 1973 wakahamia Mbandaka, Zaire ya wakati ule, pamoja na watoto wao, wakakaa miaka mitatu wakijenga nyumba pamoja na wenyeji. Waliporudi Georgia mwaka 1976 walianzisha Habitat for Humanity, ambako tangu mwanzo mwenye nyumba alitia jasho lake kwenye ujenzi na kulipa polepole bila riba. Ni shirika hilo lililowavuta Jimmy na Rosalynn Carter. Mwaka 1984 rais huyo mstaafu na mkewe walikwenda New York kukarabati jengo chakavu la ghorofa sita ili familia 19 zipate makazi, na wakaendelea kushika nyundo pamoja kwa zaidi ya miaka 30. Anayesema kazi ya namna hii ni maonyesho tu ana kazi ya kuwaeleza hao.

Lakini upande wa pili una uzito, na uzito huo unaongezeka pale wanandoa wanapoacha gari-nyumba na kupanda ndege.

Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, vikundi vingi vya makanisa ya Amerika ya Kaskazini vilikwenda kujenga nyumba. Mtafiti Kurt Ver Beek alilinganisha nyumba hizo na zile zilizojengwa na mashirika ya Kikristo ya wenyeji. Nyumba ya wageni, ukiweka na nauli zao, iligharimu kama dola 30,000. Ya wenyeji, dola 2,000. Kwa familia zilizoishi ndani, tofauti ya maana haikuonekana, na wageni wenyewe hawakubadilika sana katika utoaji na maisha yao kama walivyotarajia. Hesabu hiyo haiondolewi na machozi ya kuagana uwanja wa ndege. Tiketi mbili za kwenda na kurudi kati ya Marekani na Afrika Mashariki mara nyingi huzidi dola 2,000. Fedha hizo hulipa fundi wa hapa kwa miezi kadhaa, naye ana watoto shuleni na anaijua kila koki ya jengo.

Watetezi wanajibu kwamba fedha za tiketi zisingetolewa kama msaada, kwamba watu hutoa kwa ajili ya safari wanayokwenda wao. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na ndiyo hoja yao bora. Haijibu, hata hivyo, swali la fundi aliyekaa benchi akitazama mgeni akifanya bure kazi ambayo yeye angelipwa. Rudini kwa Yehoyada: fedha za lile sanduku walipewa maseremala na waashi. Ukarabati wa hekalu ulikuwa kazi ya ujira, na wasimamizi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana mpaka uinamie chini ya sinki. Niliwahi kushuhudia wanandoa waliokuja kwa wiki mbili na sanduku zima la viungo vya shaba vya mabomba, vizuri, vipya, vya kwao. Mzee alibadilisha koki za bafu za wodi kwa mikono ya mtu anayejua kazi. Tatizo ni kwamba mabomba ya Marekani yamekatwa nyuzi za pembe ya digrii 60, na ya kwetu yanafuata kipimo cha Kiingereza, digrii 55. Kwa bomba la nusu inchi na la robo tatu, idadi ya nyuzi ni ile ile, 14 kwa inchi, kwa hiyo kiungo kinaingia, kinazunguka, kinakaza, na mtu anaamini kimekubali. Fundi wa hospitali alikuwa amesimama pembeni ameshika tochi. Aliona. Alikaa kimya, kwa sababu mzee ni mgeni, amekuja kwa upendo, na kumsahihisha mgeni mbele ya mganga mkuu ni jambo zito. Siku chache baada ya wao kuondoka matone yakaanza. Tepu ikazungushwa safu juu ya safu, haikusaidia, na mwishoni koki zote zikang'olewa.

Siwezi kumlaumu mzee yule peke yake. Lawama kubwa ni ya mpango ulioweka wiki mbili, ukampa mgeni spana na fundi tochi.

Jambo la mke nalo lizungumzwe wazi. Tangazo husema "wanandoa", lakini orodha ya kazi inayofuata ni ya mume: paa, umeme, seremala. Mke anawekwa jikoni au kwenye kufua, na baadhi ya vikundi vya Marekani vinampangia saa pungufu kama msaidizi. Wapo wanawake wanaopenda hivyo na ni haki yao. Ila tunapoteza mengi. Katika ile orodha ya Nehemia sura ya 3, kati ya waliojenga ukuta wa Yerusalemu anatajwa Shalumu pamoja na binti zake, na hakuna anayesema walipelekwa kupika.

Nasema hivi kwa sababu niliona pia wanandoa wengine, miaka ya baadaye, hospitali ile ile. Walikaa miezi minane. Kwa muda kama huo Tanzania inawataka wageni wa kujitolea wawe na kibali cha ukaazi daraja C, na kibali hicho kwanza kiliwalazimisha wenyeji waandike ni kazi gani hasa inahitajika. Wiki ya kwanza mzee hakugusa kitu. Alizunguka na fundi kila jengo, wamebeba daftari na pima maji, na fundi ndiye aliyekuwa akionyesha. Kila kifaa kilinunuliwa duka la vifaa mjini, hata pale kilipokuwa duni kuliko cha kwao, maana ndicho kitakachopatikana tena. Mama, aliyekuwa mtunza hesabu enzi za kazi yake, alikaa na mtunza stoo wakapanga vali, soketi na balbu kwenye makopo yenye lebo za Kiswahili. Kisha wakaanzisha daftari la mwaka. Februari na Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli: mifereji yote izibuliwe, mteremko upimwe, matangi yaoshwe. Daftari hilo lilikuwa na thamani kuliko koki zote za shaba, na ndilo lililopendekezwa na mama.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Pale wanandoa wanapoweza kufika kwa gari na vifaa vyao, katika nchi ambayo nyuzi za bomba ni zile zile walizozizoea, waende, na kanisa liwashukuru. Wanapovuka bahari, wiki mbili ni ziara. Iitwe ziara, waje wasali na kula nasi, bila spana. Kazi ianze kwa wale walio tayari kukaa miezi, chini ya fundi mwenyeji anayelipwa, na mke akiulizwa ufundi wake kabla ya kupewa aproni.

Limebaki jambo moja linaloniuma zaidi ya yote. Tunawajadili wanandoa wa ng'ambo kana kwamba sisi hatuna. Mtumishi wa umma wa Tanzania kwa kawaida anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, wengi wakiwa bado na nguvu. Kila usharika una fundi umeme mstaafu, mwalimu wa useremala mstaafu, muuguzi aliyesimamia stoo miaka 30. Kilimanjaro tunakotoka bado tunaita watu msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wakarabati barabara na mfereji wa maji, na wanakuja. Wanandoa wa namna hiyo wakipewa nauli ya basi, chumba na chakula, wanaweza kukaa mwezi mzima kwenye kituo cha misheni, wakifanya kazi kwa lugha ambayo fundi kijana anaweza kubishana kwayo bila woga. Yule mwenye tochi angesema, "Mzee, hiyo haitakubali," na kazi ingesimama papo hapo.

Wapo waliojaribu. Baba mmoja fundi umeme na mkewe mwalimu, wa usharika wetu, waliandika barua kujitolea mwezi mmoja kwenye kituo kimoja cha afya cha kanisa. Walijibiwa kwa heshima kwamba kazi ipo na wanakaribishwa, lakini watafute mahali pa kulala mjini, kwa kuwa nyumba ya wageni imetengwa kwa ajili ya wafadhili kutoka nje. Walikwenda hata hivyo, kwa siku moja, wakarudi na basi la jioni. Nyumba ile ina vitanda sita. Siku hiyo vitano vilikuwa vitupu.