Mradi ukifungwa, maarifa yake yanabaki kwa nani?

Karibu kila andiko la mradi ninalolisoma lina aya moja kuhusu maarifa. Inasema timu itakusanya mafunzo yatakayopatikana, itayahifadhi na kuyasambaza kwa wadau. Aya hiyo haina fungu kwenye bajeti, haina jina la mhusika, na tarehe yake pekee ni ile ya mwisho wa mradi. Nimefikia kuamini kwamba aya hiyo ina mchango mkubwa katika tabia ya taasisi kurudia makosa yaleyale kila baada ya miaka michache, huku makabati ya ripoti yakizidi kujaa.

Angalia inavyokuwa. Mradi umebakiza wiki mbili. Mhandisi aliyekuwa anaijua mitambo ameshapata kazi kwingine. Mhasibu anahangaika na risiti. Meneja amepangiwa mradi mpya na akili yake imeshahamia huko. Hapo ndipo inapoitishwa warsha ya nusu siku. Watu wanabandika vikaratasi ukutani, kisha mmoja wao, mara nyingi yule mgeni kuliko wote kazini, anaambiwa aviandike viwe ripoti. Zinatoka sentensi kama "mawasiliano na wadau yaanze mapema" na "ununuzi upangwe kwa wakati". Hakuna anayeweza kuzipinga, na hakuna atakayefanya lolote tofauti kesho kwa sababu amezisoma.

Yaliyostahili kuandikwa ni mambo ya aina nyingine kabisa. Kwamba kibali hakitoki mpaka mchoro upitiwe na ofisi mbili, na ile ya pili haipokei mchoro usio na muhuri wa ile ya kwanza. Kwamba mfumo wa malipo huelemewa siku ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo wazoefu huingiza malipo siku tatu kabla. Kwamba muundo wa awali ulikataliwa, na nani aliukataa, kwa hoja gani. Timu nzima inayajua haya, na kwa kuwa yanajulikana na kila mtu mle ndani, hakuna anayeona haja ya kuyaandika. Miezi sita baadaye timu imetawanyika, na timu mpya inapeleka mchoro kwenye ofisi ya pili kwanza.

Wengine watasema dawa ni kuandika zaidi. Nakubali kidogo tu, kwa sababu yapo maarifa ambayo mwenye nayo hajui kuwa anayo. Mfano ninaourudia kila mara ni wa Fogbank, kitu cha siri kinachotumika ndani ya vichwa vya nyuklia vya Marekani vya aina ya W76. Kilitengenezwa miaka ya 1980, kisha uzalishaji ukasimama. Vichwa hivyo vilipohitaji kukarabatiwa miaka ya 2000, ikabainika kwamba wakala husika haukuwa tena na ujuzi wa kukitengeneza. Ofisi ya ukaguzi inayofanya kazi chini ya Bunge la nchi hiyo, GAO, iliandika mwaka 2009 kwamba kumbukumbu za utengenezaji zilizotunzwa zilikuwa chache, na karibu wafanyakazi wote waliokuwa na utaalamu huo walikuwa wamestaafu au wameondoka.

Kiwanda kipya kikajengwa, bidhaa ikatoka, lakini haikufanana na ile ya zamani. Wataalamu walichunguza hadi wakagundua kwamba malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani uliokuwa unafanya kazi muhimu, na kwamba njia za kisasa za usafishaji zilikuwa zinauondoa. Waliokitengeneza miaka ya 1980 hawakujua umuhimu wa uchafu huo. Hata kama wangeandika kila walichokijua, jambo hilo lisingekuwemo.

Ujuzi wa aina hii huhama kwa watu kufanya kazi bega kwa bega, mgeni akiangalia na kuuliza maswali ambayo mwenyeji hajawahi kujiuliza. Maana yake kwenye bajeti ni nyepesi kuieleza na ngumu kuikubalisha: anayeondoka na anayeingia walipwe wote wawili kwa muda wanaopishana. Maofisa wa fedha huliita jambo hili kulipa mshahara mara mbili kwa kazi moja. Mimi naliona kuwa ndiyo njia pekee ya kuaminika ya kukabidhi ofisi, maana makabidhiano ya saluti na saini, funguo na orodha ya vifaa, hukabidhi kila kitu isipokuwa kazi yenyewe.

Tuseme basi kwamba kinachoandikika kimeandikwa, na kimeandikwa vizuri. Nani atakisoma? NASA ina mfumo wa kompyuta uliojaa mafunzo kutoka miradi yake, na hakuna shaka kwamba ni watu wenye nidhamu ya kuandika. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa shirika hilo aliripoti kwamba mameneja wa miradi hawakuwa na kawaida ya kutafuta humo mafunzo ya wenzao, wala ya kuchangia ya kwao. Ikiwa hali ni hiyo mahali ambapo kosa dogo linaweza kuua watu, hatuna sababu ya kushangaa folda yetu ya pamoja ikikaa mwaka mzima bila kufunguliwa.

Sidhani kama uvivu ndio sababu. Anayeanza mradi hajui atafute nini. Ili utafute habari za mchoro na muhuri, lazima uwe umeshajua kwamba kuna tatizo la mchoro na muhuri. Ndiyo maana watu wenye akili timamu humpigia simu mtu anayejua, na huyo huwauliza swali moja ambalo ripoti haiwezi kuwauliza: "Mmeshapeleka wapi mpaka sasa?"

Kwa hiyo ningehamisha nguvu yote kutoka mwisho wa mradi hadi mwanzo wake. Miaka ya 1990 kampuni ya mafuta ya BP ilijenga desturi ambayo naipenda sana: timu inayotaka kuanza kazi ngumu inawaita wenzao wa timu nyingine waliowahi kupita njia hiyo, inawaeleza mpango wake, kisha inakaa kimya na kuwasikiliza. Mwenye shida ndiye anayeitisha kikao, na anakiitisha kabla hajatumia fedha, wakati mpango bado unaweza kubadilika. Taasisi yoyote inaweza kuufanya utaratibu huu kuwa sharti. Mradi usiidhinishwe mpaka meneja aonyeshe amezungumza na nani wa miradi iliyotangulia, na amebadilisha nini kwenye mpango wake kutokana na mazungumzo hayo. Akijibu kwamba hakubadilisha chochote, aulizwe tena.

Nije kwenye utawala wa maarifa, sehemu ambayo vikao vingi huikwepa kwa sababu inagusa madaraka. Neno utawala huwafanya watu wafikirie sera na kamati. Mimi nafikiria maswali matatu: nani ana mamlaka ya kusema hiki ni sahihi, nani anaweza kukisahihisha, na nani anaruhusiwa kukifuta.

Xerox walilijibu swali la kwanza kwa namna ambayo bado inanifurahisha. Mafundi wao wa mashine za kunakili walikuwa na mbinu nyingi ambazo hazikuwemo kwenye vitabu vya maelekezo, walikuwa wakisimuliana. Miaka ya 1990, kwa kuanzia Ufaransa, ukajengwa mfumo ulioitwa Eureka. Fundi aliyegundua suluhisho aliliandika, mafundi wenzake wenye uzoefu wakalipima, na likikubalika lilitolewa kwa mafundi wote likiwa na jina lake. Waliokuwa na neno la mwisho juu ya ukweli wa kazi ni wale wanaoifanya kazi. Heshima ilimfuata aliyegundua. Linganisha na taasisi ambayo afisa wa uwanjani anaandika jambo zito, linapanda ngazi nne, kila ngazi inapunguza makali yake, na linapofika juu limegeuka kuwa "changamoto ndogondogo zilizotatuliwa".

Swali la kufuta ndilo linalosahaulika zaidi. Mwongozo wa zamani ni hatari kuliko kukosa mwongozo, kwa sababu asiye na mwongozo huuliza, na mwenye mwongozo wa zamani huendelea mbele kwa kujiamini. Kila ukurasa unaoelekeza namna ya kufanya kazi unapaswa kubeba cheo cha anayeusimamia (cheo, maana watu huondoka) na tarehe ambayo lazima upitiwe upya. Tarehe ikipita bila mtu kuugusa, uondolewe machoni mwa watumiaji. Najua hili linawaumiza waliotumia usiku kuuandika, lakini msomaji ndiye wa kulindwa hapa.

Na suala hili limekuwa zito zaidi tangu taasisi zianze kutumia programu za akili mnemba zinazojibu maswali kwa kusoma nyaraka za ndani. Programu hiyo ikikuta matoleo matatu ya utaratibu mmoja, mawili yakiwa yamekufa, inaweza kukujibu kwa lugha safi kutoka kwenye lile lililokufa. Na yale ambayo hayajawahi kuandikwa haina pa kuyapata. Wakubwa wanaonunua programu hizi wakiamini zitaondoa kazi ya kutunza maarifa watakuta kazi hiyo imeongezeka.

Kama ningepewa nafasi ya kuiomba timu kitu kimoja tu cha kuandika, ningeomba daftari la maamuzi. Muhtasari wa kikao hueleza nani alihudhuria na nani alichangia. Daftari la maamuzi hubeba sababu. Uamuzi mmoja unatosha mistari minne:

"Tumeamua kukusanya takwimu kwa karatasi katika awamu ya kwanza. Sababu: simu za wakusanyaji hazikai na chaji siku nzima. Tulikataa kununua simu mpya kwa kuwa ununuzi ungechelewesha kazi kwa msimu mzima. Uamuzi huu uangaliwe upya iwapo vifaa vya kuchajia vitapatikana."

Atakayekuja baada ya miaka miwili ataelewa kwamba timu haikuwa ya kizamani, na ataona mara moja kama sababu ile bado ipo. Bila mistari hiyo atabaki na chaguo mbili mbaya, kuufuata uamuzi kwa upofu au kuutupa kwa dharau. Mstari wa tatu, ule wa kilichokataliwa, ndio wenye thamani kubwa kuliko yote, na ndio ambao huwa hauandikwi.

Ila daftari halisaidii kama wanaojua wanaogopa kusema, au wakisema hakuna anayewajibika kuwajibu. Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya Kiingereza huku waliozipokea wakizichukulia kuwa za mfumo wa metriki. Kinachonisumbua zaidi ni jambo lililoelezwa na bodi ya uchunguzi: watu wa timu ya uongozaji walikuwa wameona dalili kwamba mahesabu hayakai sawa, lakini wasiwasi wao haukupita kwenye utaratibu rasmi ambao ungelazimisha ufuatiliwe. Fununu ilikuwepo, na iliishia kwenye mazungumzo ya kawaida. Wasiwasi wa mtaalamu unahitaji kusajiliwa, kupewa mtu wa kuujibu, na kujibiwa kwa maandishi hata kama jibu ni "tumeangalia, hakuna tatizo".

Hofu nyingine ni ya ajira, na hii ningependa viongozi waitazame kwa huruma. Mtu mwenye mkataba wa miezi sita ukimwambia aandike yote anayoyajua, anasikia kwamba akishamaliza hatahitajika tena. Kumwita mchoyo wa maarifa ni kumwonea. Analinda riziki kwa kitu pekee alichonacho. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa maarifa, ISO 30401 cha mwaka 2018, kinaweka dhamana ya jambo hili kwa uongozi wa juu, na nadhani ni sahihi, kwa kuwa uongozi ndio unaoandika mikataba. Kiongozi anayetaka maarifa yabaki aanze na urefu wa mikataba, na kufundisha wengine kuwe kipengele kinachopimwa wakati wa kupandisha watu vyeo. Washauri waelekezi nao waandikiwe kwenye hadidu za rejea kwamba data ghafi na madokezo ya mahojiano ni mali ya taasisi, na kwamba siku kadhaa za malipo yao ni za kukaa na wafanyakazi watakaoendelea na kazi.

Wafadhili wana nafasi yao pia, labda kubwa kuliko wanavyodhani, kwa sababu ratiba zao ndizo zinazozaa ile warsha ya nusu siku. Fedha zikikatika siku mradi unapofungwa, hakuna wa kuuliza na hakuna wa kujibu. Ombi langu kwao ni fungu dogo la kumlipa mtu mmoja wa kiufundi, hata kwa siku chache kwa mwezi, katika nusu mwaka baada ya mradi kufungwa, kazi yake ikiwa kupokea maswali ya timu inayofuata na kusahihisha nyaraka kila swali linapoonyesha kwamba hazieleweki.